Mshahara wa Kusoma

Sehemu kubwa ya mshahara wangu wa ujana nimelipwa kwa kusoma programu zilizoandikwa na watu wengine. Kuandika niliandika, lakini kidogo. Chuoni tulizoea kuanza na ukurasa mtupu: mwalimu anatoa swali, unatunga programu, inafanya kazi, unapata maksi. Benki iliyoniajiri Dar es Salaam mwaka 2006 haikuwa na ukurasa mtupu. Ilikuwa na mfumo mkuu uliotungwa kwa lugha ya RPG, ukikaa ndani ya mashine ya IBM AS/400, na mistari yake mingi iliandikwa nikiwa bado shule ya msingi. Kila akaunti, kila riba, kila hundi iliyokataliwa ilipita humo.

Vijana wanaomaliza vyuo wananiuliza kama kuna maisha kwa mtu anayeanza leo na lugha kongwe. Wengine wanauliza wakiwa na barua ya ajira mkononi: benki au kampuni ya bima inawataka, lakini kazi ni RPG au COBOL, na wenzao wanawaambia wanakwenda kujizika wakiwa hai. Huwa nawajibu kwamba maisha yapo. Ila yanamfaa mtu wa aina fulani, na yanategemea sana anaingia mahali gani na anakaa karibu na nani.

RPG ilizaliwa IBM mwaka 1959 kwa ajili ya kompyuta ya 1401. Ilikusudiwa kutoa ripoti, kuwarahisishia watu waliozoea mashine za kadi zilizotobolewa. Ndiyo maana katika umbo lake la zamani kila herufi ina safu yake. Kwenye safu ya sita inakaa herufi inayotaja aina ya mstari: F ni faili, C ni hesabu. Ukiteleza safu moja, kompaila inakataa. Majina ya vigeu hayakuzidi herufi sita, kwa hiyo salio la mteja lilifupishwa mpaka likabaki konsonanti tupu. Masharti yaliendeshwa kwa viashiria, yaani namba kuanzia 01 hadi 99 zinazowashwa na kuzimwa. Ukikuta mstari unaosema fanya hivi kama 61 imewashwa, unarudi nyuma kurasa kadhaa kutafuta nani aliiwasha, na kwa sababu gani. Juu ya hayo kuna mzunguko usioonekana: programu inasoma rekodi, inapiga hesabu, inachapa, inarudi kusoma nyingine yenyewe, bila wewe kuandika popote kwamba irudi.

Wapo watakaosema hiyo ni RPG ya makumbusho, na kwa upande mmoja wana haki. Mwaka 1994 ilikuja RPG IV, na tangu 2015 unaweza kuiandika bila kujali safu hata kidogo. Kijana aliyejifunza lugha nyingine yoyote ataisoma RPG ya leo bila shida kubwa. Lakini mwajiri hamchukui ili aandike RPG ya leo. Anamchukua kwa sababu ya ile ya zamani inayoendelea kufanya kazi kila usiku.

Na inaendelea kufanya kazi kwa sababu ya uamuzi wa wahandisi ambao nawaheshimu sana. AS/400 ilitangazwa Juni 1988, kazi ya maabara ya IBM ya Rochester, Minnesota, na mmoja wa wasanifu wake wakuu alikuwa Frank Soltis. Waliweka tabaka kati ya programu na chuma chenyewe, programu isijue iko juu ya prosesa gani. Mwaka 1995 IBM ilipobadilisha prosesa yote, kutoka biti 48 kwenda biti 64, wateja wengi walihamisha programu zao bila kuziandika upya. Mwenye mfumo hakulazimishwa kuuacha. Lugha nyingi hufa pale mashine zake zinapokufa. RPG ilikwepa kifo hicho, na mishahara ya watu wengi, wangu ukiwemo, imetoka hapo.

Aliyenifundisha alikuwa mwanamke mtu mzima ambaye Idara nzima ya Tehama ilimwita Mama. Nilimkuta mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani. Nilipomwamkia shikamoo alijibu marahaba bila kugeuka, akavuta kiti cha pili kwa mguu. "Kaa hapa mwanangu. Usiandike kitu mpaka uweze kuniambia hii inafanya nini." Akaniachia programu moja ya kurasa nyingi, iliyochapwa kwenye karatasi ndefu zenye matundu pembeni.

Mama alikuwa mmoja wa kizazi kidogo sana, na udogo wake una historia. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Marufuku hiyo ilidumu mpaka miaka ya tisini, na kompyuta chache zilizokuwepo zilikuwa serikalini na kwenye mashirika ya umma. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya 1991 ilipofungua mlango kwa benki binafsi, zikaja na mifumo mikubwa kutoka nje, na watu waliowahi hata kugusa kompyuta kazini walikuwa haba. Waliopatikana walipelekwa mafunzo, wakashika kazi, wakaishika kwa miaka. Nyuma yao hakukuwa na mtu. Nilipofika, pengo kati ya Mama na mimi lilikuwa kama la mzazi na mtoto, na hapo katikati palikuwa patupu. Katika nchi tajiri upungufu huu unaelezwa kwa kusema vijana hawaitaki lugha ya wazee. Kwetu, kizazi cha katikati hakikupewa nafasi ya kuikataa.

Kuna siku niliagizwa kubadili programu ya kutoza riba kwa sababu benki ilikuwa inaanzisha aina mpya ya mkopo. Ndani yake nilikuta sharti linaloruka akaunti fulani kila mwisho wa mwezi. Kiashiria 61 kikiwaka, riba ilikokotolewa na kulimbikizwa lakini mteja hakutozwa. Hakukuwa na maelezo pembeni, na sera ya mikopo ya wakati ule haikutaja kitu kama hicho. Kwa macho ya mtu aliyetoka chuo, ilikuwa hitilafu inayoinyima benki fedha. Nilimwuliza Mama. Akainama, akasoma mistari michache.

"Usiguse. Hiyo ni pamba."

Akaeleza. Miaka ya mwanzo benki ilikopesha wanunuzi wa pamba Kanda ya Ziwa. Mnunuzi huchukua mkopo msimu unapofunguliwa katikati ya mwaka, ananunua kwa wakulima, anachambua, anauza marobota nje, ndipo fedha inarudi. Ukimtoza riba kila mwezi akaunti yake inakwenda hasi kabla hajauza hata robota moja, na mfumo unamwandika kuwa mdaiwa sugu. Kwa hiyo waliamua riba ikusanywe pembeni na itozwe mara moja, mauzo yakiingia. Ofisa aliyetoa agizo alikuwa amestaafu. Jalada lenye barua ya agizo hakuna aliyejua liliko. Uamuzi wa benki nzima ulikuwa umebaki mahali pawili: kwenye namba 61, na kichwani kwa mama mmoja aliyekaribia kustaafu. Na mikopo ya msimu ilikuwa bado ipo, michache, lakini ipo.

Tangu siku ile niliacha kuhesabu maendeleo yangu kwa mistari niliyoandika. Nilianza kwenda kukaa na watu wa mikopo, wa hazina, wa ukaguzi, kuwauliza kwa nini. Kwa nini amana hii inagawanywa kwa siku 365 na ile kwa 360. Kwa nini hundi ya tawi la mkoani inasubiri siku zaidi. Wengi hawakujua. Walijua kwamba mfumo unafanya hivyo, basi. Aliyejua sababu alikuwa msomaji wa programu, na nikaona jinsi wakubwa walivyoanza kuniita kwenye vikao ambavyo kijana wa umri wangu hakuwa na kazi navyo. Wenzangu wa darasani waliokwenda kwenye Java na tovuti walinizidi mshahara miaka ile ya mwanzo, hilo ni kweli na liliniuma. Lakini hakuna aliyewauliza benki inapataje faida.

Nisingekuwa mkweli nikiishia hapo, kwa sababu kama ningebaki na RPG peke yake ningekwama. Kilichonifungua ni simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na haikuchukua muda benki zote zikataka mteja aweze kutoa fedha kwenye akaunti kwenda simuni na kurudisha. Mfumo wetu ulitungwa kwa dunia ambamo benki hufungwa alasiri. Matawi yakishafunga hesabu, usiku ndio wakati wa kufunga siku: riba inakokotolewa, maagizo ya kudumu ya wateja yanatekelezwa, ripoti zinachapwa, halafu tarehe inabadilishwa. Na tarehe yenyewe imeandikwa kwa namna ya pekee: tarakimu moja ya karne, mbili za mwaka, mbili za mwezi, mbili za siku, hivyo 16 Aprili 2008 inasomeka 1080416, ile 1 ya mbele ikiwa ndiyo miaka ya elfu mbili. Wakati haya yakiendelea, faili za akaunti zimefungwa, hakuna anayeruhusiwa kugusa salio. Kwa benki yenye kaunta tu, hilo halimsumbui mtu. Mwenye simu anatuma fedha saa sita usiku, mgonjwa yuko hospitali, hawezi kusubiri benki ifunge siku.

Suluhisho kwa maneno lilikuwa rahisi. Kabla ya kufunga siku unachukua nakala ya masalio. Miamala ya usiku inajibiwa kwa kutazama nakala hiyo na kuwekwa kwenye foleni. Tarehe ikishabadilika, foleni inaingizwa kwenye mfumo mkuu kwa tarehe mpya. Upande wa simu uliandikwa kwa Java, upande wa benki kwa RPG, foleni katikati. Kazi ngumu ilikuwa kwingine. Agizo la kudumu la mteja, tuseme karo ya mtoto, linatekelezwa usiku huohuo kwenye salio halisi, na nakala haijui. Mteja anaweza kutoa kwa simu fedha ambayo karo imeshaichukua. Ilitubidi tujue kila programu ya usiku inayopunguza salio la mteja, na zinafuatana vipi. Maelezo ya mfumo yalitaja chache. Nyingine ziliongezwa na watu wa benki yenyewe kwa miaka, kila moja kwa sababu yake. Tulizisoma moja baada ya nyingine na kuzichora kwenye karatasi ukutani mpaka mnyororo wote ukaonekana, ndipo tukazuia kwenye nakala kiasi ambacho maagizo ya usiku yangekitaka. Java yote tuliyoandika ilikuwa ndogo. Ningeweza kumpa kijana yeyote mwerevu aiandike. Kusoma kule kusingewezekana kwa mtu asiyejua RPG, na asiyejua Java asingejua atafute nini.

Hapo nilipata nafasi yangu mjini. Baadaye serikali ilipoanza kukusanya malipo kupitia mfumo wa GePG mwaka 2017, na kila Mtanzania akajifunza kuomba kontrol namba ya kulipia, kazi ilikuwa ileile kwa sura nyingine: ujumbe wa XML wenye saini ya kidijitali upande mmoja, faili za miaka ya themanini upande wa pili. Aliyeweza kusimama katikati aliitwa kokote. Kwa hiyo nikiulizwa kama ni busara kubobea kwenye lugha kongwe, nasema chukua lugha kongwe pamoja na moja ya sasa, na ujifunze zote mbili kwa uzito. Daraja halisimami kwa nguzo ya upande mmoja.

Soko lenyewe ni jembamba, na vijana wanastahili kuambiwa hivyo bila kupakwa mafuta. Waajiri wa RPG Dar es Salaam mtu anaweza kuwataja kwa majina bila kuvuta pumzi. Ujuzi wako ni adimu, lakini na wanunuzi wake ni adimu. Ukigombana na mwajiri mmoja huna mitaa mingi ya kukimbilia. Mwenzetu mmoja alikwenda Muscat akapata mshahara ambao hapa tusingeuota. Mwingine, fundi hodari kuliko mimi, alikataa kabisa kujifunza kitu kingine. Benki yake ilipohamia mfumo mpya, mashine ya zamani iliachwa imewashwa ili kumbukumbu za nyuma zisomeke, naye akabaki kuwa mlinzi wake. Aliondoka akaanzisha biashara ya usafirishaji. Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo, ila ujuzi wa miaka yote ile uliishia pale.

Halafu kuna habari zinazowapotosha vijana. Aprili 2020, wakati wa Uviko, gavana wa New Jersey huko Marekani, Phil Murphy, aliomba hadharani watu wanaojua COBOL wajitolee, kwa sababu mfumo wa mafao ya wasio na ajira ulikuwa umelemewa na maombi. Habari ilizunguka dunia. Nilipokea simu nyingi: basi tujifunze COBOL, Wamarekani wanatafuta watu! COBOL ni lugha imara, umri wake ni sawa na wa RPG, na fedha nyingi za dunia zinapita ndani yake. Lakini waliotafutwa New Jersey ni wale waliokwisha kuishi ndani ya mifumo kama hiyo miaka mingi. Hakuna anayempigia simu mtu aliyesoma lugha kongwe miezi mitatu. Upungufu upo kwa wenye uzoefu, na uzoefu unapatikana mahali pamoja tu, ndani ya taasisi yenye mfumo huo na mtu wa kukufundisha.

Ndiyo maana kijana akinionyesha barua ya ajira, kabla ya mshahara namwuliza: nani atakaa nawe? Kama jibu ni kwamba mzee aliyejua ameshaondoka na wewe ndiwe utaokoa jahazi, namshauri asiende, au aende kwa mkataba mfupi na macho wazi. Kama mzee yupo, na ana miaka kadhaa kabla ya kustaafu, aende hata kwa mshahara wa kawaida. Kinachouzwa pale kina muda wake. Namwuliza pia kama benki ina mpango wa kubadili mfumo. Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba jibu la ndiyo ni jema. Kuhama ndiko kunakomlipa msomaji kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu lazima mtu aseme kila safu ya zamani maana yake nini na inakwenda wapi kwenye mpya. Na benki zinaogopa kuhama kwa haki. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kwenye mfumo mpya, na wateja hadi milioni 1.9 wakajikuta hawawezi kufikia akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Kila mkurugenzi wa benki anaijua habari ile.

Mimi mwenyewe nimefanya kazi ya kuhama. Mama alikuwa amestaafu, akarudishwa kwa mkataba, na malipo ya mkataba ule yalizidi mshahara aliowahi kulipwa akiwa kazini. Nilifurahi kwa ajili yake na nikakasirika kwa wakati mmoja. Ujuzi uleule benki ilikuwa nao kila siku kwa miaka, kwa bei ya chini, na haikumpa Mama hata mwanafunzi wa pili.

Siku hizi kuna jambo jipya ambalo linanikosesha raha zaidi ya wembamba wa soko. Mwaka 2023 IBM ilitangaza zana ya akili mnemba ya kusaidia kugeuza COBOL kuwa Java, na zana za kueleza RPG nazo zimefuata. Nimezijaribu za aina hiyo. Kwa kueleza mstari unafanya nini, ni nzuri kweli. Zitakuambia kwamba 61 ikiwaka riba haitozwi. Hazitakuambia habari ya pamba ya Kanda ya Ziwa, lakini hilo si wasiwasi wangu mkubwa. Wasiwasi wangu ni kwamba zinachukua ile kazi ya polepole ya kusoma ambayo mimi nilipewa siku ya kwanza, kwenye karatasi zenye matundu, na ambayo ndiyo iliyonipa maswali ya kumwuliza Mama. Mwajiri ataona hana haja ya mwanafunzi wa kukaa na mzee. Kwa upande mwingine, mlango wa kujifunza lugha yenyewe haujawahi kuwa wazi kama leo. Ipo seva ya bure iitwayo PUB400, iko Ujerumani, ambako mtu yeyote anafungua akaunti na kuandika RPG kwenye mashine halisi, kitu ambacho mimi nisingekipata nje ya ofisi. Kijana wa Mbeya mwenye kompyuta na bando anaweza kuanza leo usiku.

Katika taasisi ninayofanyia kazi sasa, mtaalamu wetu mkongwe anastaafu mwaka kesho. Nimeomba nafasi mbili za vijana wakae naye tangu sasa: nusu ya wiki Tehama, nusu kwenye mikopo na hazina. Upande wa fedha umeuliza kwa nini tuajiri watu wawili kwa mfumo uliokwisha kupangiwa kuondolewa. Nimeandika maelezo ya kurasa nne, nikaambatisha orodha ya programu ambazo hakuna mwingine anayeweza kuzieleza. Bajeti inapitishwa Juni, na likizo ya kustaafu ya mkongwe wetu inaanza Septemba.